Kiti Alichokalia Alois

Alois fundi viatu alikuwa na watoto wengi kuliko mtu yeyote pale Makanyagio, na hakuna hata mmoja aliyemzaa. Leo alikuwa baba mdogo wa huyu, kesho mjomba wa yule, na mambo yakibana sana, babu. Kidevu chake kilikuwa na mvi upande mmoja tu, kwa hiyo umri wowote aliotakiwa kuwa nao ulimkaa vizuri.

Msimcheke kwanza. Mambo yenyewe yalianza kwa huruma. Kibanda chake kilitazamana na geti la shule ya msingi, na kila mtu aliyesoma nchi hii anayajua yale maneno ambayo mwalimu humwambia mtoto aliyekosea: nenda, na usirudi bila mzazi. Mtoto hutoka getini, akasimama barabarani, asijue pa kwenda. Baba yuko dukani na hasira zake. Au mama yuko shambani, maana mvua zikianza nusu ya mji huhamia mashambani, wakajenga vibanda vya nyasi huko na kuishi hukohuko mpaka mavuno. Sasa mtoto huyo ananyanyua macho, na mbele yake amekaa mzee mwenye uso wa upole, anashona soli. Wewe ungefanyaje?

Wa kwanza alikuwa Kasimu, mtoto wa Nassib mwenye duka la vyombo kule Majengo. Alimwendea Alois huku machozi yanamlengalenga. "Babu, njoo useme wewe ni baba mdogo. Baba akijua nimeitwa, ataniua." Alois akauchomeka msharasi wake wa kushonea kwenye kipande cha tairi, akavua aproni yake yenye gundi, akavaa koti la kijivu alilokuwa amelinunua mnadani na kulitundika msumarini, akavuka barabara.

Ofisini aliambiwa, "Karibu mzazi. Kaa hapa."

Hapo ndipo alipopotelea. Yeye na mkewe Séverine, mwanamke wa Katumba, kwenye makazi ya waliokimbia Burundi, mwenye maneno machache na macho makali, walikuwa wameoana miaka na miaka na Mungu hakuwajalia mtoto. Walikwisha kuomba, wakanywa dawa za kila aina, wakaacha. Na sasa mtu mwenye elimu yake alikuwa anamwita mzazi na kumvutia kiti. Alikaa, akakunja mikono magotini, akaitikia kila alichoambiwa juu ya mtoto wa mtu mwingine. Alitoka pale amefurahi mpaka akasahau kurudisha chenji ya mteja.

Baada ya Kasimu wakaja wengine. Malipo hakutaka, mtoto akileta mapera yatosha. Sharti lake lilikuwa moja: yeye haulizi. Mtoto humweleza aseme nini, naye huvuka barabara akasema. Alijiona mwema kwa hilo. Séverine hakumwona hivyo. "Mungu anakuangalia, Alois," alikuwa akimwambia huku anampigia pasi lile koti. Koti lakini alilipiga pasi, tena kola alizipitia mara mbili.

Msimu mmoja wa mvua shule ikapata mwalimu mkuu mpya kutoka Sumbawanga, Mwalimu Pudensiana. Alikuwa mfupi, sauti yake ndogo, na alikuwa na tabia ya kumwangalia mtu baada ya mtu huyo kumaliza kusema. Wiki zake za kwanza hakusema kitu. Kisha asubuhi moja akawaita wazazi wa watoto kadhaa, wote kwa wakati mmoja.

Alois aliingia kwanza kama baba mdogo wa Kasimu, na koti lake. Yakaisha. Akatoka, akamkuta binti mmoja, Nasma, anamngoja kwenye kona ya choo na barakashia mkononi. Akavua koti, akavaa barakashia, akarudi kama babu, anachechemea kidogo ili kuongeza uzito. Mwalimu Pudensiana akampokea kwa shikamoo. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, kisha akauliza kwa ile sauti yake ndogo:

"Na huko nje kuna mzazi mwingine, au ni wewe tena?"

Akaivua barakashia taratibu, akaiweka mezani.

"Basi kaa, mzee," mwalimu akasema. "Maana kuna mmoja ambaye sijamwita leo, na wewe ndiye mjomba wake. Queen yuko wapi?"

Queen alikuwa wa darasa la saba, binti mrefu aliyevaa viatu vilivyoshonwa na Alois mpaka ngozi ya asili haikuonekana. Alois alimkumbuka vizuri. Alikuja akasema mama yake anaumwa, aombewe ruhusa ya siku chache. Akaombewa.

"Si alirudi?" Alois akauliza.

"Hajarudi mpaka leo. Ulikaa kwenye kiti hichohicho, ukaniambia anamuuguza mama yake na familia mnalishughulikia. Mtoto wa darasa la saba asipoonekana, mimi humtuma mtu nyumbani kwao. Kwa Queen sikumtuma. Nilijua ana mjomba anayejali." Akamwangalia. "Siku za kusajili watahiniwa zinaisha. Asipopatikana, mtihani wa mwaka huu umempita, na mtoto wa kike akishakaa nje mwaka mzima, wewe unajua huwa anaishia wapi."

Alois alikuwa amejiandaa kutukanwa, hata kupelekwa kwa mtendaji. Kuambiwa kwamba aliaminiwa hakuwa amejiandaa nako.

"Sikupeleki popote," mwalimu akasema, "ila niletee mama yake. Mama wa kweli. Nimechoka kukaribisha koti lako."

Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba alichopanga mama Queen. Kilikuwa na kufuli. Jirani akamwambia kwamba mama yuko shambani, ng'ambo ya Sitalike, na watoto walikuwa wakiishi hapo peke yao, Queen na mdogo wake Zefania. Mwanamke aliyeachiwa kuwaangalia naye alikwenda kwenye shamba lake mwenyewe. Mdogo akashikwa na homa, Queen akambeba mgongoni, wakamfuata mama yao. Basi hakuna aliyekuwa anaumwa ila mtoto mdogo, na Queen alikuwa amedanganya kidogo tu, kwa sababu alijua mzee wa viatu haulizi.

Alois akakodi bodaboda mpaka Sitalike, na kutoka hapo akatembea kwa kuelekezwa, koti begani, matope yakimvua katambuga zake za tairi kila hatua. Alipofika jua lilikuwa limeanza kulegea. Aliwaona kwa mbali: Queen juu ya dungu, lile jukwaa la miti la kulindia mazao, kombeo mkononi, akiwapigia kelele ngedere waliokuwa pembezoni mwa mahindi. Chini palikuwa na mwanamke aliyeinama na jembe, kitenge amekifunga kiunoni, udongo mpaka magotini, na mtoto mdogo, homa imekwisha kumtoka, akicheza pembeni.

Queen alipomwona, kombeo likamdondoka.

"Karibu," yule mwanamke akasema huku akijinyoosha. Alikuwa Generosa, Mpimbwe wa hukohuko, mama asiye na mume wala shemeji wa kumsaidia. "Wewe ni nani, baba?"

Alois alikuwa na majibu mengi ya swali hilo maishani, na siku hiyo lilimjia la kijinga kuliko yote. "Mimi ni mjomba wake Queen."

"Mjomba?" Generosa akaegemea jembe. "Kaka zangu nawajua wote. Wawili wamekufa, mmoja yuko Inyonga. Wewe umezaliwa na nani?"

Ikabidi aeleze, na safari hii alieleza yote: Kasimu, koti, kiti, ile ruhusa. Generosa alisikiliza uso ukibadilika, kisha akamgeukia bintiye aliyekuwa ameshuka dunguni.

"Wewe si ulisema walimu wamekuruhusu mpaka mvua zipungue?"

"Waliniruhusu, mama," Queen akasema kwa sauti ya chini. "Ila siku chache."

"Na aliyeomba ni huyu?" Akamrudia Alois, na sasa sauti ilipanda. "Nyie watu wa mjini mna nini nyie? Mimi navunjika mgongo hapa ili mtoto asome, kumbe kuna mwanaume amekaa barabarani anagawa ruhusa! Nani alikupa udugu na mimi?"

Alois hakujitetea. Alisema tu, "Nisamehe, mama," na alikuwa anamaanisha mpaka ndani.

Alipopoa kidogo Generosa akaketi kwenye tuta, akafuta uso kwa kitenge. Akasema kwamba shuleni aliwahi kwenda, mara moja, Queen akiwa bado mdogo. Aliitwa, akatoka shamba na udongo wake, kwa sababu angebadilisha nguo wapi. Mlinzi akamwambia asubiri nje. Akasubiri juani, watoto wakimchungulia dirishani, na mmoja wao alikuwa Queen. "Alinitazama, akageuza uso. Sikumlaumu. Ila sikurudi tena. Nikajisemea, kama wana shida na mimi watanifuata."

Queen akaanza kulia. Alois akatazama pembeni. Akawaza kwamba kile kiti alichokuwa akikikalia kwa raha namna ile kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alisimama juani.

"Twende kesho," akasema. "Mwalimu huyu ni mwingine. Anakungoja."

"Na mahindi je? Nikiondoka kutwa moja, jioni nakuta mabua. Hawa ngedere wanajua hata saa yangu ya kwenda kuchota maji."

Basi Alois akasema neno lililomtoka bila kulipanga, na ambalo lilibadilisha maisha yake. "Mimi nimekaa mahali pako shuleni. Niache nikae mahali pako hapa."

Generosa akamtazama toka utosini mpaka kwenye zile katambuga za matope, akacheka kwa mara ya kwanza. Asubuhi, kabla umande haujakauka, akaondoka na watoto wake. Alois alimpa koti ajistiri. Akalikataa. "Hilo koti lina uongo mwingi. Nitakwenda nilivyo, kama nilivyokwenda siku ile."

Siku hiyo ya dungu Alois anaisimulia mpaka leo, na kila akiisimulia ngedere wanaongezeka. Ukweli ni kwamba walimpima asubuhi, wakajua ni mgeni, wakampita kama hayupo. Jiwe la kwanza alilorusha kwa kombeo lilimpita yeye mwenyewe sikioni. Akaacha kombeo, akakimbia huku na huko kati ya mistari, akipunga lile koti na kupiga mayowe mpaka sauti ikamkauka. Mchana akala kiporo cha ugali alichoachiwa, amesimama. Na huko kukimbia ndiko kulikomfundisha kilichokuwa kikiendelea upande wa pili wa yale maneno "usirudi bila mzazi." Mzazi alikuwa hapa, anakimbizana na ngedere.

Generosa alirudi jua linazama, peke yake na Zefania, na alikuwa anacheka tangu mbali.

"Mlinzi kanizuia tena! Kaniambia mzazi wa Queen alishakuja jana!"

Kisha akaketi na kumsimulia. Mwalimu Pudensiana alitoka mwenyewe mpaka getini, akampa maji ya kunawa miguu, na alipoona anasita kuingia na nyayo zenye unyevu akavua viatu vyake na yeye. Ndani alivutiwa kiti. Queen alisajiliwa hapohapo, mbele ya mama yake, akabaki kwa mwalimu aanze masomo. "Halafu akaniuliza tufanyeje na hawa watoto wa mashambani. Kaniuliza mimi, unasikia? Hakuniambia, kaniuliza. Nikasema watoto wakae mjini kwa watu wazima wanaoaminika, sisi tulio shambani tulete mahindi na maharage, na wao waliobaki watupe malezi. Akasema, nianze na nani? Nikamwambia, mjini, asiyehamia shambani, namjua mtu mmoja tu, nimemjua jana, na ni mwongo."

"Akasemaje?"

"Kacheka mpaka kashika meza. Kasema, huyohuyo. Kasema ana mke mwenye akili."

Alois alishika koti lake, akalikunjua, akalikunja tena. Zefania alikuwa amemlalia mguuni kwa uchovu wa safari bila hata kuomba ruhusa.

Siku aliyoingia nao nyumbani, Queen na mdogo wake, aliogopa namna ya kumweleza Séverine. Hakupewa nafasi. Mwalimu alikwisha kupita. Chumba cha nyuma, kilichokuwa cha mkaa miaka yote, kilikuwa kimefagiliwa na kupakwa udongo mweupe, kitanda kimetandikwa shuka jipya. Séverine alisimama mlangoni, akamwambia Zefania, "Ingia, mwanangu, uji unapoa." Kisha akajifanya anatafuta mwiko uliokuwa mkononi mwake. Usiku ule kabla hawajalala alimshukuru Mungu kwa Kirundi, kwa muda mrefu, na Alois asiyekielewa sana alisikia jina lake mle ndani na akaona amesamehewa.

Watoto wengine waliendelea kuja kibandani na machozi yao, kwa mazoea. Lakini sasa Alois alikuwa anauliza. Na akishauliza, anafunga kibanda, anakwenda na mtoto kwa mzazi wake. Nassib alipomwona anaingia dukani na Kasimu, akakunja uso.

"Mimi nina wateja, mzee. Shule wanaita watu kwa lawama tu."

"Nimekuwa wewe huko shuleni mara nyingi," Alois akamwambia, "wala hukuniagiza. Leo siwezi. Ila hapa dukani naweza. Nenda, nakushikia."

Nassib aliondoka ananung'unika. Alirudi taratibu, akakuta Alois amewauzia watu sufuria bila mifuniko, na hata hakugomba. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Kumbe mtoto ana kichwa cha hisabati namna hii?" akasema. "Mwalimu kanionyesha kazi zake. Mbona hakuna aliyewahi kuniambia?" Alois alijua ni nani aliyewahi kuambiwa, tena zaidi ya mara moja, akiwa amekaa kwenye kiti na koti lake. Akainamisha kichwa, akatafuta mifuniko.

Ndivyo ilivyokuwa toka hapo. Mama wa maandazi akiitwa, Alois anageuza maandazi. Yakaungua, na mama yule akamtania mtaa mzima, lakini alikwenda shule na akarudi amejua binti yake haoni ubaoni. Watu wengine nao wakaanza kushikiana kazi bila kumngoja yeye. Mavuno yalipofika, magunia madogo ya mahindi yalianza kushushwa kwenye milango ya waliolea, na Mwalimu Pudensiana akafunga safari mpaka Sitalike siku ya mnada kukutana na wazazi wa mashambani palepale wanapouza, amesimama katikati ya mbuzi na vitenge.

Mahafali ya darasa la saba yalifanyika Septemba, mtihani ukiwa umekwisha, vumbi jekundu limetanda na uwanja wa shule umewekwa turubai. Alois alivaa lile koti. Séverine alikuwa amelipiga pasi na safari hii hakusema neno juu ya Mungu. Akachagua mahali pa nyuma, karibu na nguzo, kwa sababu alijijua. Mikono ilimwasha kila alipoitwa mzazi, na aliogopa miguu yake isije ikasimama kwa mazoea.

Wakawa wanaita majina. Mtoto anakwenda mbele, mzazi anasimama, watu wanapiga vigelegele. Kwa Kasimu alisimama Nassib, kanzu yake nyeupe, akajifuta macho na kudai ni vumbi. Kisha mwalimu akasema, "Queen! Mzazi wa Queen asimame."

Alois akajishikilia kwenye nguzo. Akashukuru moyoni, kwa kweli alishukuru, kwamba safari hii kiti kina mwenyewe, na kwamba aliishi kumwona mwenyewe amekikalia. Pale mbele Generosa alisimama, kitenge kipya, na viatu ambavyo Alois alikuwa amemtengenezea. Queen akamtazama mama yake mbele ya shule nzima, wala hakugeuza uso. Alitabasamu mpaka meno yote yakaonekana.

Lakini Generosa hakuendelea mbele. Aligeuka, akapita kati ya viti, watu wakimpisha, mpaka kwenye nguzo. Akamshika Alois mkono.

"Simama," akasema.

"Mama Queen, mimi si..."

"Simama, twende."

Wakaenda mbele pamoja, Séverine akisukumwa nyuma yao na akina mama, Zefania akimning'inia kitenge. Mwalimu Pudensiana aliwaangalia wanavyokuja, kipaza sauti mkononi, na kwa ile sauti yake ndogo akauliza ili kila mtu asikie:

"Na huyu mzee, mama, ni nani kwenu?"

Uwanja mzima ukacheka, maana hapakuwa na asiyeijua habari hiyo. Generosa hakucheka. Alisubiri wanyamaze.

"Ni kaka yangu," akasema. "Kaka zangu nawajua wote."